Mgodi na Jirani Zake

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu, Rulenge)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wa Rulenge mliokubali kuja kukaa nasi, ndugu zangu wa madarasa yote, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma mkingoja chakula:

Barua ya Katibu iliyonialika ilinitaka nizungumze juu ya namna makampuni makubwa yanavyopatanisha mambo matatu, yaani faida, uvumbuzi na wajibu wao kwa jamii. Nilipoisoma nilicheka peke yangu ofisini, maana kichwa hicho ni kirefu kama swali la mtihani wa kidato cha sita. Mimi sijapata kumiliki hata duka. Ni mtumishi wa Serikali, na mshahara wangu mnaweza kuukisia kwa kutazama viatu. Lakini kazi yangu imenikalisha mara nyingi upande wa pili wa meza ambayo upande wake mwingine wameketi watu wa makampuni, na hayo ndiyo nitakayosema. Tena nitasema ya huku kwetu, Ngara na Biharamulo, kwa sababu ya Ulaya na Marekani mnaweza kuyasoma wenyewe.

Niliingia kidato cha kwanza hapa mwaka 1994. Wenzangu wa mwaka huo hawahitaji kukumbushwa. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na Benako ikawa mji mkubwa kuliko miji yetu yote. Kwa hiyo tulizoea kuona magari ya wageni yakipita, kila moja na bendera yake. Lakini katika miaka ile hiyo kulikuwa na magari mengine yasiyokuwa na habari na wakimbizi. Yalikuwa ya watu waliokuwa wakitoboa ardhi upande wa Bugarama kutafuta nikeli. Mwalimu wetu wa jiografia alikipata, sijui kwa njia gani, kipande cha mwamba kilichotolewa na mashine, cha mviringo kama mchi mfupi, akatupitishia darasani tukishike. Kilikuwa kizito kuliko tulivyotazamia. Usiku ule bwenini tulibishana hadi taa kuzimwa ni nani kati yetu atakuwa mhandisi wa mgodi na nani atakuwa dereva wake. Hakuna aliyesema kwamba huenda tukafika utu uzima mgodi wenyewe ukiwa haujafunguliwa.

Naomba niwape historia ya jiwe lile kwa ufupi, hasa vijana. Utafiti wa nikeli ya Kabanga ulifanywa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1976. Katika miaka ya 1990 wakaja Sutton Resources wa Kanada, pamoja nao BHP wa Australia, kisha Anglo American. Mwaka 1999 Barrick waliinunua Sutton. Mwaka 2005 wakaingia watu wa Falconbridge, ambao baadaye walimezwa na Xstrata, nayo Xstrata ikamezwa na Glencore. Kila mmoja alitoboa, akapima, akaandika vitabu vinene, akasema nikeli ipo na ni nzuri. Na kila mmoja alipopiga hesabu zake za mwisho alisema: si sasa. Mwaka 2018, baada ya sheria kubadilishwa, Serikali ilizifuta leseni za kushikilia maeneo kama hayo. Tarehe 19 Januari 2021 yakatiwa sahihi mapatano mapya na Kabanga Nickel Limited, ikaundwa Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16 bila kuzilipia. BHP wakarudi wakiwa na fedha, dola milioni 90 kwa awamu mbili, wakapata asilimia 17 ya Kabanga Nickel Limited. Na Julai 2025 BHP wakaondoka tena, hisa zao zikachukuliwa na Lifezone Metals, ambao ndio wenye mradi.

Tangu 1976 ni karibu miaka hamsini. Mtoto aliyezaliwa Bugarama mwaka ule sasa ana wajukuu.

Kwa nini BHP waliingia na kutoka? Machi 2022 bei ya nikeli katika soko la metali la London ilipanda kwa siku moja ikapita dola 100,000 kwa tani, hata soko likasimamisha biashara. Watu wakasema magari ya umeme yataimaliza nikeli yote duniani. Halafu Indonesia ikamwaga nikeli nyingi sokoni, na watengenezaji wa betri, hasa Wachina, wakaendelea kutumia betri zisizohitaji nikeli kabisa. Kufikia 2024 bei ilikuwa chini ya dola 20,000, na Oktoba mwaka huo BHP walisimamisha migodi yao wenyewe ya nikeli huko Australia magharibi. Mtu aliyefunga duka la nyumbani kwake hawezi kufungua jingine Ngara. Katika hilo siwalaumu. Fedha wanazotumia ni za wenye hisa, na baadhi ya wenye hisa hao ni wastaafu wanaongoja pensheni kama mimi nitakavyoingoja yangu. Nawaambia hivi ili tuelewe jambo moja mapema: faida ndiyo inayoamua kama kampuni itakuja, na faida ndiyo inayoamua siku ya kuondoka. Anayedhani kwamba kampuni ilikuja kwa sababu inatupenda atasononeka siku ikiondoka, na huzuni yake haitakuwa kosa la kampuni.

Wajibu basi unaingia wapi? Unaingia katika yale yaliyoandikwa kabla ya siku hiyo. Tulisogeze jicho upande wa Biharamulo, kwa sababu kule mgodi ulifunguliwa kweli na ukafungwa kweli.

Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005. Ulikuwa wa African Barrick kwa asilimia 70 na wenzao wa Kanada kwa asilimia 30. Kwanza walichimba shimo la wazi, kisha wakaingia chini ya ardhi, na mwaka 2013 wakasema dhahabu iliyobaki haiwalipi. Shirika letu la madini, STAMICO, likaununua kwa dola milioni 4.5 pamoja na malipo madogo ya baadaye, likauendesha kwa jina la STAMIGOLD. Magazeti wakati ule yaliandika kwa furaha kwamba mgodi sasa ni wetu, na furaha hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini katika mapatano yale kulikuwa na kipengele ambacho sikusikia mtu akikisoma hadharani: kwamba wajibu wote wa kufunga mgodi na kuirudisha ardhi katika hali njema, wa zamani na wa baadaye, umehamia kwa STAMICO, na kwa malipo yake STAMICO imekabidhiwa mfuko wa fedha zilizokwisha wekwa kwa kazi hiyo. Sisemi kwamba yalikuwa mapatano mabaya. Nasema kwamba tulinunua dhahabu iliyobaki na mashimo pamoja, na mashimo yana hesabu yake. Mtu akiuza nyumba yenye deni, mnunuzi mwenye akili huuliza kwanza deni ni kiasi gani.

Sasa niwape hesabu nyingine, ya darasa la saba. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2017, mgodi wa dhahabu ukiuza nje mali ya shilingi 1,000, shilingi 60 zilikuwa za mrabaha na shilingi 10 ada ya ukaguzi, zote za Serikali Kuu. Ushuru wa huduma, ambao ni wa halmashauri ya wilaya, ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, yaani shilingi 3. (Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo msinishike kwa kila shilingi.) Hayo yote hutozwa juu ya mauzo, mgodi uwe na faida au usiwe nayo. Kodi ya mapato hutozwa juu ya faida, na hapo ndipo pana mchezo, kwa sababu sheria za miaka ile ya mwanzo ziliruhusu kampuni kujirudishia kwanza gharama zake za mtaji, na migodi mikubwa mingi ilikaa miaka mingi ikionyesha hasara huku ndege zikiruka na dhahabu. Halafu, chini kabisa ya orodha, kuna vile vitu tunavyopigia picha, yaani madarasa, madawati, zahanati na mipira ya vijana.

Ninyi mtajua ni vipi vinavyopata makofi mengi. Vile vya chini kabisa. Nami nimepiga makofi hayo.

Ndugu Mwenyekiti, sikutaka kuja hapa kuwahukumu wengine nikajificha mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa afisa mipango katika halmashauri moja, si ya mkoa huu. Kampuni moja ilituletea mpango wake wa mwaka wa kuisaidia jamii. Ulikuwa umekwisha pigwa chapa na kujalidiwa vizuri, wenye picha za watoto wanaocheka. Ndani yake mlikuwamo zahanati katika kijiji jirani na mgodi. Sheria ilitaka halmashauri iujadili, iulinganishe na mahitaji ya wananchi, ndipo iukubali. Mimi nilikuwa na faili yenye muhtasari wa mkutano wa kijiji kile kile. Wananchi walikuwa wameomba kivuko cha miguu juu ya mto, kwa sababu mvua za masika zikinyesha watoto hawafiki shuleni. Hawakuomba zahanati, maana ya kata ilikuwa ng'ambo ya mto huo huo, na kivuko kingewafikisha. Lakini tuliambiwa mwaka wa hesabu wa kampuni unakwisha Ijumaa, na fedha zisipoidhinishwa zitarudi makao makuu. Niliandika maoni ya kukubali. Jumatano. Sikulitaja lile faili.

Zahanati ilijengwa, na kwa kweli ilijengwa vizuri. Ikafunguliwa kwa ngoma nami nimo katika picha, nimesimama nyuma ya mheshimiwa nikitabasamu. Mwaka uliofuata nilipita pale. Haikuwa na muuguzi kwa sababu halmashauri haikuwa imeomba nafasi hiyo, wala haikuwa na nyumba ya mtumishi. Mlango ulikuwa na kufuli, na mbuzi walikuwa wamelala barazani kukwepa mvua. Mzee mmoja aliyekuwa akiwachunga alinitambua. Hakunitukana. Alinisalimu vizuri, akaniuliza, "Mwanangu, na kile kivuko?"

Nimesimulia hayo kwa sababu watu husema makampuni ndiyo yanayotudanganya. Kampuni ile haikunidanganya. Ilileta karatasi inayofaa kwa kitabu chake cha mwaka, cha kuwaonyesha wenye hisa wake, na hiyo ni kazi yake. Kazi ya kusema kivuko ilikuwa yangu. Mizani ya faida na wajibu haishikwi na mtu mmoja. Mwenye kampuni ataweka mkono wake upande wa faida, na ni lazima aweke, vinginevyo atafukuzwa. Upande wa pili usipokuwa na mkono, mizani italala, na hakuna sababu ya kuishangaa.

Tena wajibu mkubwa mara nyingi hauonekani kabisa. Mwadui mnaijua kwa jina. Tangu enzi ya Williamson, aliyeanzisha mgodi ule wa almasi mwaka 1940, ilisifiwa kwa hospitali na shule zake. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ule ulibomoka, na tope likatapakaa juu ya nyumba na mashamba ya jirani huko Kishapu. Hakuna anayealikwa kukata utepe mbele ya ukuta wa bwawa la tope. Lakini ningepewa kuchagua kati ya kampuni inayonijengea madarasa manne na kampuni inayoniruhusu kumpeleka mhandisi wangu kuukagua ukuta huo kila miezi mitatu na kunipa majibu kwa maandishi, leo ningechagua ya pili, na madarasa tungeyajenga kwa ushuru wa huduma.

Nimetumwa pia niseme juu ya uvumbuzi. Wengi hudhani uvumbuzi ni mambo ya maabara tu, ya watu wenye makoti meupe. Mnakumbuka mwaka 2017 neno "makinikia" lilivyoingia katika kila kijiwe cha kahawa. Machi mwaka ule Serikali ilizuia kusafirisha nje mchanga wa madini usiosafishwa, makontena yakabaki bandarini Dar es Salaam, na baada ya mabishano marefu Barrick na Serikali walitia sahihi Januari 2020, wakaunda Twiga Minerals, na Serikali ikalipwa fidia ya dola milioni 300 kwa mafungu. Wakati ule wakubwa wa makampuni walisema kusafisha madini hapa nchini hakuwezekani. Tanuri ni ghali, umeme hautoshi, na nchi haina madini ya kutosha kulilisha. Walikuwa na hoja, kwa maana tanuri kweli hula umeme.

Lakini mlango ulipofungwa, watu walianza kutazama dirisha. Wenye mradi wa Kabanga walikuja na mpango wa kusafisha nikeli bila tanuri, kwa kutumia maji, kemikali na shinikizo, hadi ipatikane metali yenyewe pamoja na shaba na kobalti. Wenyewe wanasema njia hiyo inatumia umeme mdogo na inatoa moshi mdogo kuliko tanuri. Ujuzi wa namna hiyo una miaka mingi duniani, haukuvumbuliwa kwa ajili yetu. Hata hivyo nauliza: kama sheria ingeliacha mchanga uende Asia kama zamani, nani angeliupigia hesabu ujuzi huo kwa ajili ya nikeli ya Ngara? Kampuni hubuni pale inapobanwa. Anayebanwa na mshindani hubuni njia ya kushusha gharama. Anayebanwa na sheria nzuri hubuni njia ya kuitii na bado apate faida yake. Asiyebanwa na yeyote hubuni njia za kukwepa kodi, na huo nao ni uvumbuzi, tena wenye wataalamu wake.

Kiwanda hicho kimepangwa Kahama, mahali palipokuwa mgodi wa Buzwagi uliofungwa 2021, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Nimeulizwa asubuhi hii, kabla hata sijanywa chai, kwa nini kisijengwe Ngara. Jibu la kampuni ni kwamba Kahama pana umeme mkubwa, barabara, uwanja wa ndege na majengo tayari, tena ni karibu na reli. Ni jibu la faida, na kwa faida ni sahihi. Jibu letu lingepaswa kuwa: vema, basi ni vijana wangapi wa Ngara watakaofundishwa kazi ya kiwanda hicho, wataanza lini, na limeandikwa wapi? Hilo ni swali la kuuliza wakati kampuni bado inahitaji sahihi yetu. Ikishapata sahihi, tutakuwa tunaomba.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, nalo ni kungoja. Makampuni huhesabu kila kitu, hata bei ya fedha zao zinapokaa. Kwa lugha yao, shilingi ya mwaka kesho ni ndogo kuliko ya leo. Mkulima naye akingoja hugharamika, ila gharama yake haimo katika vitabu vya mtu. Eneo likishapimwa na mali ikishahesabiwa kwa ajili ya fidia, kitu utakachopanda baada ya siku hiyo hakimo katika hesabu. Mbuni unahitaji kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa. Mgomba ukitunzwa huwarithisha watoto. Nani atapanda mbuni katika shamba aliloambiwa atahama? Huacha. Hulima mahindi ya msimu huu tu, nyumba inavuja lakini haiezeki upya, binti anataka kuolewa na hajui wageni atawakaribisha wapi. Sheria zetu zimeliona hilo. Fidia inatakiwa ilipwe mapema, ikichelewa zaidi ya miezi sita iongezwe riba, na uthamini uliopita miaka miwili bila malipo unatakiwa ufanywe upya. Ni sheria nzuri. Lakini mkulima anayezijua tarehe hizo ni mmoja katika mia, na afisa anayemwambia bila kuulizwa ni adimu zaidi. Bei ya nikeli ikishuka London, kampuni huahirisha mkutano. Nyumba ile ya Bugarama haiwezi kuahirisha masika.

Vijana, katika ninyi watatoka wathamini wa ardhi, madiwani, mawakili, wahandisi, na pengine mmoja au wawili watakaoketi upande ule mwingine wa meza, upande wa kampuni. Hao nao ni wetu. Sitawaambia wasitafute faida, maana ndiyo itakayowalipa mishahara. Nawaomba tu wawe wa kwanza kusema mezani, kabla ya sisi kuuliza, mgodi utafungwaje na kwa fedha zipi.

Mkuu wa Shule, nimekuja na nakala mbili za Sheria ya Madini, toleo la 2019, moja ya maktaba na moja ya chumba cha walimu. Kifungu cha 105 kinasema kwamba mpango wa kampuni wa kuhudumia jamii lazima ukubaliwe na halmashauri na ufuate vipaumbele vya halmashauri hiyo, na kwamba halmashauri itawaelimisha wananchi juu ya miradi hiyo. Ukurasa huo nimeukunja pembe. Mwalimu wa maktaba anisamehe kwa kuharibu kitabu kipya.

Naona sufuria zimeshateremshwa.